Unamtunza ndugu mwenye ulemavu kwenye nyumba ya kaunsili? Fuata hatua hizi

Wapangaji wengi wa kaunsili (halmashauri ya eneo) nchini Uingereza wanaomtunza mzazi, mume, mke au mtoto mwenye ulemavu huanza kwa kubisha hodi mlango wa pili. Huenda ofisi ya nyumba na kusema: nyumba ni ndogo, mgonjwa anateseka, tupeni nyingine. Wanapewa fomu na namba ya foleni, basi. Ofisa wa nyumba si lazima awe mtu mbaya. Mbele yake kuna watu chungu nzima wenye maneno hayohayo, na hana kipimo cha kumtofautisha mmoja na mwenzake ila karatasi. Anayesogea ni yule aliyepitia kwanza idara ya ustawi wa jamii, akatoka na ripoti inayoeleza ni kitu gani hasa ndani ya nyumba hii kinachomzuia mgonjwa wake kuoga, kulala, kutoka nje au kuwa salama.

Idara hizi mbili mara nyingi hazisemezani. Katika baadhi ya maeneo nje ya miji mikubwa huwa hata si mamlaka moja: nyumba ni za wilaya, ustawi wa jamii ni wa kaunti. Kazi ya kubeba karatasi kutoka huku kwenda kule ni yako.

Haya yote yanahusu England peke yake. Scotland, Wales na Ireland Kaskazini wana sheria zao. Na kama mwenye nyumba wako ni shirika la nyumba badala ya kaunsili, mengi yatakuhusu, ila mambo ya mkataba na urithi yana tofauti kubwa.

Hatua ya 1: Toa mkataba kabatini

Kabla hujaomba lolote, tafuta mkataba wako wa kupanga na usome vitu vitatu: majina ya nani yameandikwa, ulianza tarehe gani, na ni wa aina gani.

Mpangaji mpya wa kaunsili kwa kawaida huanza na mwaka mmoja wa majaribio, na katika mwaka huo hana haki ya kubadilishana nyumba. Baada ya hapo wengi huwa wapangaji wa kudumu, na wengine hupewa mkataba wa miaka maalumu. Tarehe muhimu ya kukumbuka ni 1 Aprili 2012. Mkataba ulioanza kabla ya siku hiyo una haki za urithi ambazo ulioanza baadaye mara nyingi hauna. Nitalirudia hili kwenye hatua ya 7, maana ndilo linalowaumiza watoto waliokaa nyumbani kuwatunza wazazi wao.

Angalia pia kama una deni la kodi. Deni halikufungii kila njia, ila kaunsili nyingi huzuia ombi la kuhama mpaka uwe na mpango wa kulipa unaoufuata. Kama lipo, panga malipo leo, hata kidogo kidogo, na uombe mpango huo kwa maandishi.

Hatua ya 2: Omba tathmini mbili, si moja

Piga simu au jaza fomu kwenye tovuti ya idara ya ustawi wa jamii, upande wa watu wazima au upande wa watoto kulingana na umri wa unayemtunza. Omba mambo mawili.

La kwanza ni tathmini ya mahitaji ya mwenye ulemavu. Kwa mtu mzima, msingi wake ni Sheria ya Matunzo ya 2014, kifungu cha 9. Kwa mtoto, ni Sheria ya Watoto ya 1989 pamoja na ile ya wagonjwa wa muda mrefu na watu wenye ulemavu ya 1970. Taja kwamba unataka aje mtaalamu wa tiba kwa vitendo, yule ambaye kila mtu Uingereza humwita OT. Huyu ndiye anayepima ngazi, bafu, milango na kitanda, na ripoti yake ndiyo inayobeba uzito. Barua ya daktari wa kawaida inasaidia, lakini daktari hajawahi kuiona nyumba yako. Ataandika kwamba mama ana kiharusi. OT ataandika kwamba mama ana kiharusi, bafu lina ukingo wa juu, na hawezi kuuvuka bila watu wawili kumnyanyua.

La pili ni tathmini yako wewe mtunzaji, kifungu cha 10 cha sheria hiyohiyo. Hapa watu wetu wengi hugoma. Kumtunza mzazi ni wajibu, wanasema, si kazi ya kuandikiwa fomu. Sawa, lakini fomu haikuondolei thawabu. Mgongo wako ukivunjika kwa kumnyanyua, nani atamtunza? Kama unalala sebuleni kwa sababu chumba hakitoshi, kama umeacha kazi, kama umepata maumivu ya kiuno, hayo ni mahitaji ya makazi pia, na yanapaswa kuandikwa. Mzazi wa mtoto mwenye ulemavu ana haki yake ya kutathminiwa, na vilevile mtoto chini ya miaka 18 anayesaidia kumtunza mtu nyumbani.

Omba mkalimani kama Kiingereza kinakusumbua. Kaunsili ndiyo humlipa. Ukizungumza Kiswahili cha Bukavu au Lubumbashi, sema hivyo unapoomba, kwa sababu mkalimani wa Mombasa anaweza kukupotosha bila kukusudia. Usimfanye mtoto wako awe mkalimani wa mambo ya choo na maradhi ya bibi yake.

Siku OT anapokuja

Nalitengea hili nafasi yake kwa sababu hapa ndipo kesi nyingi nzuri huharibika. Sisi tumelelewa kumkaribisha mgeni, kumpa chai, na kumjibu kwamba hatujambo, tunashukuru Mungu. Nyumba inasafishwa tangu alfajiri. Mzee anavishwa kanzu safi na kukalishwa kitini. OT anauliza, "Mnaendeleaje?" na familia nzima inajibu vizuri tu. Naye anaandika alichokisikia: familia inamudu.

Siku hiyo weka heshima ya mgeni kando kidogo. Mwoneshe kitanda cha sebuleni. Mwoneshe ndoo anayojisaidia mama usiku kwa kuwa hafiki chooni. Usifanye kazi ambayo mgonjwa hawezi kisha ukaiita rahisi. Mwache OT aone inavyochukua muda. Eleza siku mbaya, si siku nzuri. Taja mara alizoanguka, nani alimwinua, kama gari la wagonjwa liliitwa. Kwa wiki mbili kabla ya ziara, andika kwenye daftari kila unapoamka usiku na sababu yake. Daftari hilo litakusaidia hata miezi mingi baadaye.

Kwa mtoto mwenye usonji au ulemavu wa akili, usiishie kwenye jina la ugonjwa. Eleza anachofanya ndani ya nyumba: anapanda madirisha, anawapiga ndugu anaolala nao, anakimbilia barabarani mlango ukiwa wazi, halali mpaka saa tisa usiku na kuwaamsha wote. Hatari ya dirisha la ghorofa ya nne inaeleweka na kila ofisa.

Kabla hajaondoka, muulize ataandika nini na ripoti itatoka lini, kisha umwombe nakala. Ikija, isome yote. Kama kuna kosa, jibu kwa barua pepe siku hiyohiyo.

Hatua ya 3: Amua kama ni kukaa au kuhama

Watu wengi hutaka kuhama kwa sababu wamechoka na nyumba, na uchovu huo una haki yake. Lakini fanya hesabu. Nyumba za kaunsili zenye vyumba vitatu au vinne zilizo chini na zinazopitika kwa kiti cha magurudumu ni chache mno, na foleni yake ni miaka. Bafu la kisasa lisilo na ukingo linaweza kujengwa kwenye nyumba uliyonayo mapema kuliko hapo. Kuna pia shule ya mtoto, hospitali inayomjua, msikiti au kanisa, na dada yako anayekaa mitaa miwili kutoka hapo na anayekushikia zamu ya Jumamosi. Ukihama, zamu hiyo inakufa.

Kwa upande mwingine, kama mnaishi juu na lifti inaharibika kila mara, au kama nyumba ni nyembamba kiasi kwamba kiti cha magurudumu hakigeuki, marekebisho yatakuwa kupaka rangi ukuta uliopasuka. Hapo mwombe OT aandike wazi kwamba nyumba hii haiwezi kurekebishwa ikamfaa. Sentensi hiyo moja ina thamani kubwa kwenye ombi la kuhama.

Hakuna kinachokuzuia kushika njia zote mbili mwanzoni. Jiandikishe kuhama huku ukingojea tathmini ya marekebisho. Mojawapo ikifunguka, utachagua.

Hatua ya 4: Ukiamua kukaa

Vifaa vidogo kama vishikio vya ukutani, kiti cha kuogea au rampu fupi visikupotezee muda. Kwa mtu mzima aliyeonekana kuwa na uhitaji, vifaa vya msaada na marekebisho yasiyozidi pauni 1,000 hutolewa bure, bila kuulizwa kipato.

Marekebisho makubwa ndiyo yenye safari. Sheria ya 1996 ndiyo msingi wa ruzuku ya vifaa vya watu wenye ulemavu, ambayo kwa Kiingereza inajulikana kama Disabled Facilities Grant au DFG. Kiwango cha juu England ni pauni 30,000, na kaunsili ina hiari ya kuongeza. Inagharimia mlango mpana, kiti cha kupandia ngazi, bafu la sakafu tambarare, jiko linalofikiwa ukiwa umekaa, mfumo wa joto, chumba cha kulala cha chini, na hata kazi za kuifanya nyumba iwe salama kwa mwenye ulemavu na wanaoishi naye. Kipengele hicho cha mwisho huwasaidia sana wazazi wa watoto wenye usonji, nao ndio wasiokitumia. Kwa mtu mzima hupimwa kipato na akiba yake na ya mwenza wake. Kwa mtoto chini ya miaka 18, kipato cha wazazi hakihesabiwi.

Kwa mpangaji wa kaunsili kuna jambo la kuelewa. Kaunsili nyingi hazitumii fomu ya DFG kwa nyumba zao wenyewe. Hulipia marekebisho kutoka mfuko wao wa nyumba, na baadhi hazikuulizi kipato kabisa. Kama kazi inafanyika haraka, hilo ni jema, kubali. Ubaya wake ni kwamba njia hiyo ya ndani haina saa inayohesabu. Ukiona miezi inapita na unaambiwa subiri tu, kumbuka kwamba sheria inamruhusu mpangaji wa kaunsili naye kuomba DFG rasmi. Omba fomu kwa maandishi. Ombi likikamilika, kaunsili lazima itoe uamuzi ndani ya miezi 6. Utatakiwa kuthibitisha kwamba mwenye ulemavu anakusudia kuishi hapo kwa miaka 5, isipokuwa afya au hali nyingine ikilazimisha mengine, kwa hiyo usiombe bafu jipya kama moyo wako uko kwenye kuhama mwakani.

Sababu mbili za kukataa zinajitokeza mara kwa mara. Moja: kazi si "ya lazima na inayofaa", na hapo ripoti ya OT ndiyo jibu. Mbili: kazi "haiwezekani" kutokana na umri au hali ya jengo. Ukiambiwa hivyo, omba maelezo ya fundi yaliyoandikwa, kisha uyapeleke ofisi ya uhamisho. Wamekwambia wenyewe kwamba nyumba haifai. Watumie maneno yao.

Usichanganye marekebisho na matengenezo. Ukungu, unyevu na heta iliyokufa ni wajibu wa kaunsili kama mwenye nyumba, na hauhitaji OT. Tangu 27 Oktoba 2025, sheria iliyopewa jina la Awaab Ishak, mtoto wa miaka 2 aliyefariki Rochdale mwaka 2020 baada ya kuishi kwenye nyumba yenye ukungu, inawabana wenye nyumba za jamii, yaani kaunsili na mashirika ya nyumba: hatari ya dharura ishughulikiwe ndani ya saa 24, na hatari kubwa ya unyevu au ukungu ichunguzwe ndani ya siku 10 za kazi. Ripoti kwa maandishi na utaje kwamba ndani kuna mtu mwenye ulemavu au maradhi ya kifua.

Hatua ya 5: Ukiamua kuhama

Ziko njia tatu, na unaweza kutembea kwenye zaidi ya moja kwa wakati mmoja.

*Uhamisho wa kaunsili.* Jaza ombi la kuhama na uambatanishe ripoti ya OT, barua za hospitali, uthibitisho wa posho za ulemavu (PIP, DLA ambayo kwa kawaida ni ya watoto, au Attendance Allowance ya wazee), pamoja na barua yako ya ukurasa mmoja. Sheria ya Nyumba ya 1996 inazitaka kaunsili ziwape kipaumbele cha haki watu wanaohitaji kuhama kwa sababu za kitabibu au za ustawi, ikiwemo ulemavu, na wanaohitaji kuhamia mtaa fulani ili kuepuka mateso. Maneno hayo ya mwisho yanawahusu pia wanaotaka kusogea karibu na mgonjwa wao ili wamtunze. Katika barua yako usiombe huruma, unganisha ugonjwa na jengo: "Mama hawezi kupanda ngazi 14, choo kiko juu, kwa hiyo anajisaidia sebuleni mbele ya wajukuu." Sentensi ya namna hiyo inamsaidia ofisa kukupa daraja.

Kaunsili nyingi hugawa waombaji kwa madaraja au pointi, kisha nyumba hutangazwa, mara nyingi kila wiki, na wewe unaweka jina lako kwenye zile unazozitaka. Weka jina kila mzunguko, kama huwezi mwombe mtu akuwekee, au uiombe kaunsili iweke kwa niaba yako. Soma kila tangazo kuhusu ngazi, lifti na bafu. Kabla ya kukataa nyumba uliyopewa, uliza kwa maandishi adhabu yake ni nini. Kaunsili nyingine hushusha daraja au kukusimamisha ukikataa mara kadhaa. Na kama hujapewa daraja la kitabibu ulilotarajia, una haki ya kuomba mapitio.

Kuna suala la viza hapa. Kama mzazi amekuja kutoka nyumbani kwa viza isiyoruhusu fedha za umma, au kwa viza ya jamaa tegemezi ambayo mtoto alisaini kumgharimia kwa miaka 5, pata ushauri wa mwanasheria wa uhamiaji kabla ya kuliweka jina lake kwenye ombi la nyumba au la posho. Nyumba ya kaunsili ni sehemu ya fedha za umma, na kosa la fomu moja linaweza kumharibia mzee viza.

*Kubadilishana nyumba.* Mpangaji wa kudumu ana haki ya kubadilishana na mpangaji mwingine wa kaunsili au shirika, hata wa mji mwingine. Watu hutafutana kupitia tovuti kama HomeSwapper. Wengi hudharau njia hii, lakini kwa familia inayotaka nyumba ya chini huku ikiwa na ghorofa nzuri yenye vyumba vingi, mara nyingi ndiyo ya haraka kuliko zote. Yupo mtu mwenye afya anayeitaka hiyo yako. Mkishakubaliana, wote wawili ombeni ruhusa. Mwenye nyumba ana siku 42 za kujibu. Anaweza kukataa kwa sababu zilizotajwa kisheria tu, kwa mfano kwamba nyumba ni kubwa kupita kiasi kwa anayeingia, au kwamba ilirekebishwa kwa ajili ya mwenye ulemavu na anayeingia hana mtu wa namna hiyo. Usihamishe hata sufuria kabla ya ruhusa ya maandishi: wanaohama kimyakimya wanaweza kupoteza nyumba zote mbili. Unaichukua nyumba ilivyo, kwa hiyo nenda na futi ya kupimia milango, na mgonjwa mwenyewe aijaribu.

*Ombi la kukosa makazi.* Hili huwashangaza watu. Kisheria mtu anaweza kuhesabiwa hana makazi ingawa ana paa, kama si jambo la busara kumtaka aendelee kuishi humo. Mtu asiyefika chooni, au aliyefungiwa ghorofani miezi kwa miezi, anaweza kuangukia hapo. Mahakama ya juu ya wakati huo, House of Lords, ilisema mwaka 2009 katika kesi iliyoihusu kaunsili ya Birmingham kwamba nyumba inaweza kuvumilika kwa muda mfupi lakini isiwe ya kuendelea kuishi kwa muda mrefu. Ni njia nzito. Inaweza kukupeleka kwenye makazi ya muda yaliyo mabaya kuliko ulipo, au mbali na hospitali. Usiifuate bila kuzungumza kwanza na mashirika ya ushauri wa bure kama Shelter na Citizens Advice, au kituo cha sheria cha mtaani. Na kwa hali yoyote usirudishe funguo za nyumba yako ukidhani itakuharakishia. Utaambiwa umejikosesha makazi mwenyewe.

Hatua ya 6: Hesabu vyumba kabla hujasaini

Nyumba kubwa zaidi inaweza kuja na pengo la kodi. Tangu Aprili 2013, mpangaji wa nyumba za jamii mwenye umri wa kufanya kazi anayesaidiwa kodi hupunguziwa msaada huo kwa asilimia 14 ya kodi akiwa na chumba kimoja kilichozidi, na asilimia 25 kwa viwili au zaidi. Watu huiita kodi ya chumba, bedroom tax.

Lakini familia zenye ulemavu zina vyumba vinavyoruhusiwa. Mtoto asiyeweza kulala na mwenzake kwa sababu ya ulemavu, na anayepata DLA ya matunzo ya kiwango cha kati au cha juu, anaruhusiwa chumba chake. Mume na mke wasioweza kulala chumba kimoja kwa sababu ya ulemavu wanaruhusiwa chumba cha pili, na mtoto anayehitaji mtunzaji wa usiku anahesabiwa pia. Mambo hayo mawili yaliamuliwa na Mahakama Kuu ya Juu mwaka 2016, na kanuni zikabadilishwa Aprili 2017. Chumba cha mtunzaji wa usiku ni kwa ajili ya mtu anayekuja kulala kutoka kwingine, kwa mfano dada zako wanaopokezana zamu. Wewe unayeishi humo hukihitaji kipengele hicho. Una chumba chako kama mwanafamilia. Wengi hujaza fomu vibaya kwa kuchanganya haya mawili.

Kama bado kuna pengo, kaunsili ina mfuko wa hiari wa kuwasaidia wapangaji kodi. Uliza. Uliza pia idara ya kodi ya kaunsili (council tax, si kodi ya pango) kuhusu punguzo la daraja kwa nyumba yenye bafu la pili, chumba maalumu, au nafasi ya kiti cha magurudumu anayotumia mwenye ulemavu. Mtunzaji anayeishi humo na kutunza saa 35 au zaidi kwa wiki anaweza asihesabiwe kabisa kwenye kodi hiyo, mradi anayemtunza anapokea posho inayotakiwa na si mwenza wake wala mtoto wake wa chini ya miaka 18.

Hatua ya 7: Jina la nani liko kwenye mkataba?

Chukua mfano. Binti amerudi kuishi na mama yake mwenye ulemavu, ameacha kazi, amemtunza miaka kumi. Mkataba una jina la mama peke yake. Mama akifariki, je, binti anabaki?

Kama mkataba ulianza kabla ya 1 Aprili 2012, mwanafamilia aliyeishi na mpangaji miezi 12 kabla ya kifo anaweza kurithi upangaji, mradi hakuna mwenza aliyebaki mwenye haki ya kwanza na mradi upangaji haujawahi kurithiwa kabla. Kama baba alikuwa kwenye mkataba pamoja na mama, na mama akabaki peke yake alipofariki baba, huo tayari ulihesabiwa kuwa urithi, na nafasi imekwisha. Kama mkataba ulianza siku hiyo au baadaye, ni mume, mke au mwenza tu anayerithi, isipokuwa mkataba wenyewe uruhusu zaidi. Hata anayerithi, kama si mume, mke au mwenza wa aliyefariki, anaweza kutakiwa kuhamia nyumba nyingine kama hii ni kubwa kuliko mahitaji yake. Kaunsili ina dirisha la kufungua kesi hiyo kati ya miezi 6 na 12 tangu ijue kifo. Kama nyumba ilirekebishwa kwa ajili ya ulemavu na hakuna tena anayehitaji marekebisho hayo, inaweza kuitaka pia.

Mtego mbaya zaidi hauhusu kifo. Mama akihamia moja kwa moja kwenye nyumba ya kulelea wazee, nyumba ya kaunsili si makazi yake makuu tena, na ulinzi wa mkataba unaweza kuanguka akiwa hai. Hapo hakuna cha kurithi. Sheria ya Nyumba ya 1985 inaruhusu mpangaji, wakati bado ni mpangaji, kuukabidhi upangaji kwa mtu ambaye angestahili kuurithi kama mpangaji angefariki siku hiyo. Hufanywa kwa hati rasmi ya kisheria, na lazima ifanyike kabla hajahama na akiwa na akili timamu ya kuelewa anachosaini. Kwa mzazi mwenye maradhi ya kusahau, muda huo unapita haraka. Mtafute mwanasheria wa nyumba mapema.

Vyovyote ilivyo, jenga ushahidi wa kuishi humo: barua za benki, daftari la wapiga kura, usajili kwa daktari, jina lako kwenye kumbukumbu za kaunsili za wakazi wa nyumba. Wengine huficha jina la mtoto mtu mzima ili posho isipungue. Kisha siku ya msiba kaunsili inasema humo aliishi mama peke yake, na karatasi zinaiunga mkono.

Hatua ya 8: Ukikataliwa au ukinyamaziwa

Tofautisha aina mbili. Uamuzi wa kisheria una mapitio yake yenye muda maalumu: uamuzi kuhusu kukosa makazi hupingwa ndani ya siku 21 tangu uupokee, na muda huo ukikupita ni taabu kuufungua upya. Ucheleweshaji, barua zisizojibiwa na kazi mbovu ni malalamiko.

Lalamika kwa maandishi na uandike neno "malalamiko" kwa Kiingereza, complaint, juu kabisa, maana barua isiyo na neno hilo inaweza kuchukuliwa kuwa ni ulizo tu. Kama mwenye nyumba, kaunsili inatakiwa kukiri kupokea ndani ya siku 5 za kazi, kisha kujibu hatua ya kwanza ndani ya siku 10 za kazi. Usiporidhika, omba hatua ya pili, ambayo ina siku 20 za kazi. Ukimaliza hapo unaenda nje, bure, kwa waamuzi huru wa malalamiko: matengenezo na huduma za mwenye nyumba huenda kwa Housing Ombudsman, ustawi wa jamii, OT na mgao wa nyumba kwa wenye kipaumbele huenda kwa Local Government and Social Care Ombudsman. Ukikosea mlango, watakuelekeza.

Taja Sheria ya Usawa ya 2010 pale kaunsili inapokuwekea utaratibu ambao mwenye ulemavu hauwezi, kwa mfano kulazimishwa kuweka jina kwenye nyumba mtandaoni wakati haoni. Wanapaswa kufanya marekebisho ya busara, na ukiomba kwa maneno hayo wanajua unazungumzia sheria. Wakati malalamiko yako yakiendelea, endelea kuweka jina kwenye nyumba kila mzunguko na kulipa kodi kama kawaida. Na hali ya mgonjwa ikibadilika, akianguka tena, akilazwa au akianza kutumia kiti cha magurudumu, peleka karatasi mpya na uombe daraja lipimwe upya. Ripoti ya miaka miwili nyuma inamweleza mtu ambaye hayupo tena.